Nyumba ya Wanamieleka: Habari za Takasago na Azumazeki

Ninyi mlioko Mbeya, Tukuyu, Kyela na Mbozi, na ninyi mlioko Iringa, Mafinga na Kilolo, karibuni katika somo letu la leo. Kiongozi wa kikundi, tafadhali andika ubaoni maneno mawili. La kwanza ni NYUMBA. La pili ni CHEO. Maneno hayo tutakutana nayo mara nyingi.

Katika vikundi ninavyovitembelea kuna swali ambalo huulizwa kila mara, tena huulizwa kwa sauti ya chini: "Bwana Elimu, mtu mzima kama mimi, mwenye mikono iliyozoea jembe, ataweza kweli kuanza jambo jipya toka mwanzo?" Leo sitawajibu kwa mahubiri. Nitawajibu kwa habari ya kweli ya watu wa mbali, watu wa Japani, na mchezo wao wa mieleka uitwao sumo. Sikilizeni vizuri, maana mwisho nitawauliza maswali.

Kwanza tuujue mchezo wenyewe. Mieleka sisi twaijua. Nani kati yetu hakuwahi kukamatana na mwenzake machungani, mpaka mmoja akalala chali? Sumo nayo ni hivyo, ila ina sheria zake. Watu wawili husimama juu ya ulingo wa udongo ulioshindiliwa. Katikati pana duara lililozungushiwa mafungu ya mabua ya mpunga. Upana wa duara hilo ni mita 4 na sentimita 55. Mtu akitoka nje ya duara, ameshindwa. Akigusa chini kwa goti, kwa mkono, au kwa kitu chochote isipokuwa nyayo, ameshindwa. Hakuna kupimana uzito. Mtu wa kilo 100 aweza kupangiwa mtu wa kilo 200. Mara nyingi pambano huisha kabla hujahesabu mpaka kumi.

Sasa tuje kwenye neno letu la kwanza, NYUMBA. Katika sumo hakuna mtu anayecheza peke yake kwa mapenzi yake. Kila mwanamieleka ni lazima awe wa nyumba fulani. Wajapani huiita heya, na maana yake ni chumba. Humo vijana hulala, hula, hufanya mazoezi, na humtii mkuu mmoja ambaye zamani naye alikuwa mwanamieleka. Mkuu huyo ni kama baba, na mke wake ni kama mama wa nyumba. Kijana akishaingia nyumba moja, hahami kwenda nyingine kwa kupenda kwake.

Jambo hili si geni kabisa kwetu. Wazee wa Rungwe watawaeleza kwamba zamani, katika Wanyakyusa, wavulana wa miaka kama 10 au 11 walikuwa wakitoka nyumbani kwa baba zao, wakajenga vibanda vyao mahali pao, wakalala pamoja na kula pamoja. Walipokua, wakaoa na kukaa humo humo, rika moja, kijiji kimoja. Mama mmoja aitwaye Monica Wilson, pamoja na mumewe Godfrey, alikaa huko katika miaka ya 1930, na mwaka 1951 kikatoka kitabu chake juu ya vijiji hivyo vya rika. Wazee walisema kwamba adabu hujifunzwa kwa kukaa na wenzako. Nyumba ya sumo nayo yasema hivyo hivyo. Tofauti ni moja: katika kijiji cha rika wote ni sawa kwa umri, lakini katika nyumba ya sumo kila mtu ana cheo chake, na cheo si umri.

Basi tulieleze neno letu la pili, CHEO. Mwaka mmoja una mashindano makubwa sita, na kila moja huchukua siku 15. Mtu akishinda mara nyingi kuliko kushindwa, hupanda. Akishindwa mara nyingi zaidi, hushuka. Madaraja ni sita. Wale wa madaraja mawili ya juu tu ndio wanaopewa mshahara, nao siku hizi ni watu 70. Wengine mamia hupewa chakula, mahali pa kulala na posho kidogo. Kileleni kabisa kuna cheo kiitwacho yokozuna. Mwenye cheo hicho hashuki tena. Akidhoofika, njia yake ni moja tu, nayo ni kustaafu.

Vyeo vyote huandikwa katika karatasi moja kubwa kabla ya kila mashindano. Waamuzi wa mchezo ndio wanaoiandika kwa mkono, kwa burashi na wino, halafu hupunguzwa na kupigwa chapa. Majina ya wakubwa huwa manene. Majina ya wadogo huwa membamba kama unywele, hata msomaji hukaza macho. Kijana aanzapo, ndoto yake ya kwanza ni kuliona jina lake katika karatasi hiyo. Ninyi mlioandika majina yenu kwa mara ya kwanza darasani mnaielewa furaha hiyo.

Sasa nawasimulia habari ya nyumba moja. Jina lake ni Takasago, na iko Tokyo, mji mkuu wa Japani. Mwanzo wake ulikuwa ugomvi. Mwaka 1873 mwanamieleka mmoja, Takasago Uragoro, aliwaambia wakubwa wa mchezo kwamba wanamieleka hawatendewi haki katika malipo. Wakubwa walikasirika. Wakamfukuza, na jina lake katika ile karatasi ya vyeo likafutwa kwa wino mweusi. Fikirini, ndugu zangu: mtu kufutwa jina lake mbele ya watu wote! Lakini Takasago hakukaa akilia. Aliondoka na wenzake, wakaunda kundi lao. Miaka mitano baadaye, mwaka 1878, pande mbili zilipatana, naye akarudi Tokyo na kuifungua nyumba yake. Toka siku hizo mpaka sasa nyumba ya Takasago imesimama.

Katika nyumba hiyo hiyo kulitokea jambo jingine la wino. Mwanamieleka wa Takasago, jina lake Nishinoumi, aliona mwaka 1890 kwamba jina lake limewekwa nje ya mpangilio wa kawaida wa karatasi, akaona amedharauliwa. Alilalamika. Ili kumtuliza, wakubwa waliandika kando ya jina lake neno "yokozuna". Kabla ya siku hiyo neno hilo lilitamkwa tu. Halikuwa limeandikwa katika karatasi ya vyeo. Baada ya kuandikwa, likawa na nguvu, na kadiri miaka ilivyopita likawa cheo kamili. Mnaona kazi ya maandishi? Neno la mdomo hupita na upepo. Neno lililoandikwa hukaa, na watu huja kulifuata.

Miaka ikapita, wakuu wakarithiana. Mmoja wao alikuwa Maedayama, yokozuna wa 39. Mwaka 1949, akiwa amejitoa katika mashindano kwa sababu ya ugonjwa, alionekana akitazama mchezo wa besiboli wa timu ya Wamarekani. Watu walichukizwa, na ikambidi astaafu. Lakini akawa mkuu wa Takasago, na kwa kuwa alipenda kuujua ulimwengu, aliwapeleka wanamieleka Marekani mwaka 1951. Ni mkuu huyo ndiye aliyefungua mlango ambao haukuwa umefunguliwa kabla yake.

Mwaka 1964 alimchukua kijana wa miaka 19 kutoka Hawaii, visiwa vya Marekani vilivyo katikati ya Bahari ya Pasifiki. Kijana huyo aliitwa Jesse Kuhaulua. Huko kwao wako watu wengi wenye asili ya Japani wanaocheza sumo, naye alikuwa ameicheza kidogo ili kuipa miguu yake nguvu. Alikuwa mrefu na mnene, lakini miguu yake ilikuwa myembamba. Alifika Tokyo mwezi wa Februari, wakati wa baridi kali. Ninyi wa Makete na Mufindi mnaoamka mwezi wa Juni na kukuta jalidi juu ya majani, mfikirieni mtu aliyetoka nchi ya joto, anafanya mazoezi alfajiri akiwa amevaa ukanda tu kiunoni.

Hakujua Kijapani hata neno. Chakula hakukizoea. Na desturi ya nyumba haimhurumii mgeni. Wadogo huamka kwanza, kabla ya jua, na hufanya mazoezi bila kula kitu. Hupiga miguu chini mamia ya mara, mguu wa kulia, mguu wa kushoto. Husukuma nguzo kwa viganja. Hukokota nyayo juu ya udongo bila kuziinua. Kisha hukamatana, na huangushwa tena na tena. Baadaye wadogo hao hao hufagia, hufua na hupika. Chakula chao ni mchuzi mzito katika sufuria kubwa moja, wenye kuku au samaki pamoja na mboga nyingi, nao huliwa na wali. Wakati wa mashindano wengi hupenda kuku kuliko nyama ya ng'ombe. Wanasema kuku husimama kwa miguu miwili kama mshindi, na ng'ombe yu chini kwa miguu minne kama mtu aliyeangushwa! Wakubwa hula kwanza. Mdogo husubiri nyuma yao, na hula kitakachobaki.

Jesse alipewa jina la mieleka, Takamiyama. Neno "yama" ni mlima. Ni kama sisi tungemwita mtu kwa jina la Mlima Rungwe. Siku moja katika mazoezi alipigwa kooni, na sauti yake ikaharibika. Toka hapo alizungumza kwa sauti ya kukwaruza maisha yake yote. Angeweza kurudi kwao. Hakurudi. Alijifunza Kijapani neno kwa neno, kama ninyi mnavyojifunza herufi kwa herufi. Januari 1968 aliingia daraja la juu. Julai 1972, katika mji wa Nagoya, alishinda mapambano 13 kati ya 15 akatwaa ubingwa. Hakuna mgeni aliyewahi kufanya hivyo kabla yake. Siku ile barua ya pongezi kutoka kwa Nixon, Rais wa Marekani, ilisomwa kwa Kiingereza palepale ulingoni.

Lakini mimi, ndugu wanafunzi, nastaajabia hesabu nyingine kuliko ubingwa ule. Katika daraja la juu Takamiyama alicheza mapambano 1,231 mfululizo bila kukosa hata siku moja. Hakupata cheo cha yokozuna. Kitu chake kilikuwa kufika kila siku. Wale wanaokosa darasa mvua ikinyesha kidogo wasikie neno hilo!

Mgeni huyo alitaka kubaki katika sumo hata baada ya kustaafu. Sheria ya chama cha sumo ni kwamba mkuu wa nyumba lazima awe raia wa Japani. Mwaka 1980 akauchukua uraia huo, na jina lake likawa Watanabe Daigoro. Alistaafu Mei 1984, bado mwezi mmoja atimize miaka 40. Na mwezi wa Februari 1986 alifungua nyumba yake mwenyewe, iliyozaliwa na Takasago, akaiita Azumazeki. Alikuwa mtu wa kwanza aliyezaliwa nje ya Japani kufungua nyumba ya sumo. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini twaukumbuka mwaka ule wa 1986 kwa jambo letu: timu ya Tukuyu Stars, kutoka mji mdogo wa Tukuyu, ilitwaa ubingwa wa ligi ya Tanzania Bara. Mwaka ule wadogo walionyesha kuwa wanaweza.

Miaka miwili baadaye akaja Azumazeki kijana wa Hawaii, Chad Rowan, aliyekuwa mchezaji wa mpira wa kikapu. Urefu wake sentimita 204. Watu walisema mtu mrefu namna hiyo ataangushwa upesi. Mkuu wake alimpa jina Akebono, maana yake mapambazuko, akamfundisha kuutumia urefu wake kwa kusukuma kwa mikono mirefu. Wakati huo kulikuwa na mabishano makubwa Japani. Mwingine wa Hawaii, Konishiki wa nyumba ya Takasago, alikuwa ameshatwaa ubingwa mara tatu kufikia Machi 1992, lakini hakupewa cheo cha yokozuna. Wengine walisema ni kwa sababu hakushinda mara mbili mfululizo. Wengine walisema ni kwa sababu ni mgeni. Basi Akebono akashinda mara mbili mfululizo, na Januari 1993 akawa yokozuna wa 64, mgeni wa kwanza kufika huko. Kwa jumla alitwaa ubingwa mara 11. Alistaafu mwaka 2001, na akafariki dunia mwaka 2024.

Ndugu zangu, nisingekuwa mwalimu mwema kama ningewapa asali tu. Nyumba inayomlea kijana kwa ukali yaweza pia kumvunja. Mwaka 2007, katika nyumba nyingine ya sumo, kijana wa miaka 17 alipigwa na wakubwa wake kwa jina la mazoezi, akafa. Mkuu wa nyumba hiyo alifukuzwa, na mahakama ikampa kifungo. Wajapani waliona haya kubwa, wakajiuliza: Wapi mafunzo yanaishia, na wapi mateso yanaanzia? Swali hilo ni letu pia. Twasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ni kweli. Lakini fimbo isiyo na kipimo haijengi adabu. Hujenga hofu, na hofu haifundishi kusoma wala kuhesabu.

Na je, nyumba ya Azumazeki iliishaje? Mwaka 2009 mkuu alifika miaka 65, umri wa kustaafu. Akamrithisha mwanafunzi wake, Ushiomaru. Huyu naye akaihamishia nyumba jengo jipya mwaka 2018. Lakini Desemba 2019 Ushiomaru alifariki akiwa na miaka 41 tu. Mwanafunzi mwingine wa zamani, Takamisakari, aliyependwa sana na watazamaji, akaibeba nyumba. Aprili 2021 ikafungwa, na vijana wake wakahamia nyumba ya Hakkaku. Umri wake wote ulikuwa miaka 35.

Mtu atasema, basi kazi ile imepotea. Haikupotea. Tazameni nyumba mama, Takasago. Kwa mlango ule uliofunguliwa mwaka 1964 aliingia Konishiki, na baadaye akaingia Asashoryu kutoka Mongolia, yokozuna aliyetwaa ubingwa mara 25. Na Desemba 2020 uongozi wa Takasago yenyewe ulikabidhiwa Asasekiryu, mzaliwa wa Mongolia aliyechukua uraia wa Japani. Mgeni amekuwa baba mwenye nyumba.

Hata Afrika imefika huko. Mwaka 2012 kijana wa Misri, Abdelrahman Shaalan, baada ya kukataliwa na nyumba kadhaa, alipokelewa na nyumba ya Otake. Akaitwa Osunaarashi, maana yake dhoruba kubwa ya mchanga. Alikuwa Mwislamu, na Julai 2013 alicheza mashindano akiwa amefunga Ramadhani. Novemba mwaka ule aliingia daraja la juu, Mwafrika wa kwanza kufika. Mwaka 2014 akawaangusha mayokozuna wawili katika mashindano mamoja. Lakini mwaka 2018 ikambidi aache sumo, baada ya kuendesha gari bila leseni. Nguvu alikuwa nayo. Sheria ndogo ndiyo iliyomwangusha.

Basi nalirudia swali lile la sauti ya chini. Mtu mzima aweza kuanza jambo jipya toka mwanzo? Kijana wa Hawaii alianza akiwa bubu katika nchi ya watu, akasubiri chakula nyuma ya wengine, akaharibika sauti. Akamaliza akiwa mwalimu wa wenyeji katika mchezo wao wenyewe. Hakufanya hivyo peke yake. Alikuwa na nyumba iliyomshika. Na darasa lenu, ndugu, ndiyo nyumba yenu. Yule aliyetangulia amshike mkono anayefuata. Anayejua kusoma gazeti amsaidie anayepambana na silabi. Msimcheke anayeanguka, hata yokozuna alianguka mara nyingi kabla ya kusimama.

Tena fikirini mbele. Viongozi wa vikundi huhama, huugua, na huitwa na kazi nyingine. Je, mmemwandaa nani wa kushika chaki? Nyumba yenye mrithi mmoja tu i karibu na kufungwa.

Sasa fungueni daftari zenu.

Maswali ya kuzungumza kikundini:

1. Kwa nini jina la Takasago Uragoro lilifutwa katika karatasi ya vyeo mwaka 1873? Je, alikuwa na haki ya kulalamika?

2. Nyumba ya sumo inafanana vipi na vijiji vya rika vya Wanyakyusa wa zamani? Zinatofautiana vipi? Waulizeni wazee, mkaandike majibu yao.

3. Takamiyama alicheza mapambano 1,231 bila kukosa. Wewe umehudhuria masomo mangapi tangu darasa lianze? Hesabu katika rejista.

4. Wapi mafunzo yanaishia na mateso yanaanzia, shuleni na nyumbani?

5. Andika sentensi tatu juu ya mtu aliyekupokea ulipokuwa mgeni wa kazi au wa mahali.

Kazi hiyo ya tano kila mmoja aiandike kwa mkono wake mwenyewe, hata kama herufi zitakuwa nyembamba kama majina ya wadogo katika ile karatasi. Zitanenepa. Kwaherini, tuonane katika somo lijalo.